Nimeruka Ohio kwa leseni ya Kenya: karatasi nyota tano, shule nyota mbili

Nianze na pesa, maana najua ndilo swali la kwanza. Kutambuliwa leseni yangu ya urubani ya Kenya na mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, hakukunigharimu hata senti. Kuruka ndege ya kukodi baada ya kutambuliwa kulinigharimu dola 1,600 na ushei kabla sijapakia abiria hata mmoja. Mambo hayo mawili watu huyachanganya. Mimi pia niliyachanganya, na mfuko wangu ndio uliolipia.

Mimi ni daktari wa meno, Mombasa. Leseni yangu ni ile ya urubani binafsi, PPL, ya kuruka kwa raha zako bila kulipwa. Niliisomea uwanja wa Wilson kwa miaka mitatu, wikendi kwa wikendi: Ijumaa napanda treni ya usiku kwenda Nairobi, Jumapili narudi, Jumatatu asubuhi nina mtu kitini kinywa wazi. Kiwango cha chini cha kupata leseni ni saa 40 hewani. Mimi nilimaliza na 61, wala sioni haya kusema. Nilipoomba Marekani nilikuwa nimefikisha 83.

Mdogo wangu anaishi Columbus, Ohio, na mkewe na watoto wawili. Kila nikienda kuwaona, ananipeleka kwenye maduka makubwa mpaka miguu inaota moto. Safari hii nikamwambia: mwaka huu sitaki maduka, nataka ndege. Akacheka. Wifi yangu ndiye aliyeuliza swali la maana: "Leseni yako inakubalika huku?"

Jibu fupi ni hapana, mpaka ikubaliwe. Na hapa nieleze kidogo, maana nimesikia watu pale Wilson wakiapa kwamba leseni ikishafuata viwango vya ICAO, shirika la anga la Umoja wa Mataifa, inafanya kazi dunia nzima. Haifanyi. Mkataba wa Chicago wa 1944, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, kifungu cha 32, unataka rubani wa ndege inayovuka mipaka awe na leseni iliyotolewa, au kuthibitishwa, na nchi ambako ndege hiyo imesajiliwa. Kifungu cha 33 ndicho kinachozitaka nchi nyingine ziiheshimu leseni hiyo, mradi masharti yake hayakushuka chini ya viwango vya mkataba. Kwa hiyo kabla ya kuuliza unaruka wapi, tazama herufi zilizoandikwa ubavuni mwa ndege. Ndege ya 5Y ni ya Kenya, 5H ya Tanzania, 5X ya Uganda, na ikianza na N ni ya Marekani. Kwa leseni yangu naweza kuichukua 5Y kutoka Mombasa hadi Zanzibar, nikishapata vibali vya safari, na hakuna atakayeniuliza leseni ya Tanzania. Lakini nikishuka pale nikataka kukodi 5H nizunguke nayo kisiwa, hiyo ni habari nyingine, inaanzia TCAA, mamlaka ya anga ya Tanzania. Ni kweli kanuni zetu za Afrika Mashariki zimefanana sana siku hizi, kazi ya wale CASSOA wa Entebbe, wakala wa usalama wa anga wa Jumuiya yetu, lakini kufanana kwa kanuni hakumfanyi mtu wa Nairobi kuwa na leseni ya Dar.

Kuna kichekesho kimoja hapa. Sheria ya Marekani yenyewe inaruhusu ndege ya N irushwe ndani ya nchi ya kigeni kwa leseni ya nchi hiyo. Yaani rafiki akiwa na ndege ya N pale Wilson, mimi na leseni yangu ya Kenya naweza kuirusha mpaka Lamu. Nikiivusha Namanga tu, leseni ile ile hainifai tena kwa ndege ile ile. Nilipomweleza mdogo wangu hilo, akasema mawakili lazima walikaa kwenye chumba hicho peke yao bila rubani hata mmoja.

Sasa huduma yenyewe. Marekani wana njia ya mkato kwa rubani wa nje, iko kwenye kifungu 61.75 cha kanuni zao. Husomi upya, hufanyi mtihani wa kuandika, hufanyi mtihani wa kuruka. Wanakupa cheti cha urubani binafsi kinachosimama juu ya leseni yako ya kwenu. Masharti hayana mzunguko: leseni yako iwe hai, isiwe imefungiwa wala kunyang'anywa, isiwe nayo imetolewa kwa kuegemea leseni ya nchi nyingine, uwe na cheti cha afya kilicho hai, na Kiingereza ukisome, ukiseme, ukiandike na kukielewa. Cheti cha afya cha Kenya kinakubalika, hakuna haja ya kwenda kupimwa na daktari wao. Changu ni cha daraja la pili, na kwa kuwa nimeshavuka miaka 40, napimwa kila miaka miwili.

Unaanza na fomu ya kuomba leseni ihakikiwe. Inakwenda Oklahoma City, kwenye tawi la FAA linaloshughulika na vyeti vya marubani. Unaambatisha nakala ya leseni pande zote mbili, cheti cha afya, pasipoti, na unataja ofisi ya FAA utakayokwenda ukifika Marekani. Wao kisha wanaiandikia mamlaka iliyokupa leseni: huyu mtu ni wenu? Leseni hii ni ya kweli? Haina doa? Wakijibiwa, wanakuandikia barua. Wenyewe wanakushauri uombe siku 90 kabla. Mimi nilituma tarehe 14 Januari 2025 na barua ikanijia tarehe 2 Aprili, siku 78. Ingekuja mapema zaidi lau si mimi mwenyewe.

Kosa langu lilikuwa jina. Sisi watu wa pwani hatuna jina la ukoo la kizungu. Nina jina langu, la baba, la babu, basi. Kwenye pasipoti yamo yote matatu. Kwenye leseni niliandikisha mawili, langu na la baba, kwa kuwa siku ile pale Nairobi nilikuwa na haraka ya kuwahi treni. Fomu ya Wamarekani inataka jina la kwanza, la kati na la mwisho. Nikaijaza kwa leseni, baba akawa jina la mwisho. Kule kwenye akaunti ya maombi ya mtandaoni nikajaza kwa pasipoti, babu akawa wa mwisho. Kwa macho ya mtu wa Oklahoma City, hao ni wanawake wawili. Februari nikapokea barua pepe ya adabu sana ikiniuliza mimi ni yupi. Nikajibu kwa maelezo, nikaambatisha nakala ya cheti cha kuzaliwa, na baada ya hapo mambo yakaenda. Huyo aliyeniandikia nampa heko: alijibu kila barua yangu, hakuniacha nining'inie. Lakini wewe msomaji, kabla hujajaza chochote, weka pasipoti na leseni mezani ubavu kwa ubavu, na kama majina hayalingani, yalinganishe kwanza huku nyumbani.

Kuna jambo jingine jipya ambalo wengi hawajalisikia. Tangu Januari 2025, anayeomba cheti cha FAA akiwa na anwani ya nje ya Marekani na hana makao huko, lazima ataje wakala aliyeko Marekani wa kupokea barua rasmi kwa niaba yake. Wenye vyeti tayari wakapewa mpaka Julai mwaka huo huo. Zipo kampuni zinazofanya kazi hiyo kwa ada, lakini si lazima kampuni. Mtu mzima yeyote mwenye anwani halisi huko anafaa. Mdogo wangu akawa wakala wangu. Wifi akamtania kwamba sasa ana cheo cha serikali bila mshahara.

Ile barua ya uhakiki ina uhai wa miezi sita. Ikipita kabla hujafika kwa mkaguzi, unaanza upya. Nikapanga safari ya Julai.

Ofisi za FAA za mikoani wenyewe wanaziita "fizdo", kwa kufuatisha herufi zake, FSDO. Si pahali pa kuingia tu kama posta, unaomba miadi. Tena si kila fizdo hufanya kazi hii yenyewe. Nyingine hukuelekeza kwa mtahini wa nje ambaye ana haki ya kukutoza. Uliza kwa simu kabla hujataja ofisi kwenye fomu. Mimi niliuliza, nikapata miadi Jumanne saa tatu asubuhi, bure.

Mkaguzi alikuwa mzee mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni. Akaitandaza leseni yangu mezani, akaigeuza, akaisoma mstari kwa mstari, na kidole chake kikasimama mahali. "Sioni ruhusa ya usiku."

"Sina," nikamwambia.

Kwao, rubani binafsi hufundishwa usiku ndani ya masomo yale yale, na akipata leseni anaruka usiku. Kwetu ni ruhusa ya kando, unaisomea peke yake. Na cheti cha 61.75 hubeba mipaka yote ya leseni mama. Akanieleza polepole, bila dharau, kwamba jua likizama Ohio mimi ni abiria. Kisha akafungua daftari langu la saa za kuruka. Nilidhani atatazama jumla tu. Hapana. Akasoma majina ya viwanja kwa sauti: Wilson, Orly, Nanyuki, Malindi, Ukunda. Akaniuliza Wilson iko futi ngapi juu ya bahari. Nikamwambia zaidi ya 5,500. Akatoa miwani. "Na unajifunzia Cessna 172, ndege ndogo hivyo, huko?" Nikamwambia ndiyo, tena na mkufunzi mnene. Akacheka mpaka jirani wa dawati la pili akageuka.

Kiingereza alikipima kwa mazungumzo hayo hayo, na kwa kunisomesha aya moja ya kitabu cha kanuni. Ndani ya dakika 50 nilitoka na karatasi, cheti cha muda cha siku 120, mpaka kadi ya plastiki ije kwa posta. Chini yake pameandikwa kwamba kimetolewa kwa msingi wa leseni ya Kenya namba fulani na hakina nguvu kisipokuwa pamoja nayo. Kwa huduma ya serikali ya nchi isiyo yangu, bila rushwa, bila "rudi kesho", bila kutafuta mtu anayemjua mtu, natoa nyota tano na ningetoa ya sita.

Kwa kulinganisha tu: mwenzangu tuliyesoma naye yuko Ujerumani, na huko mambo ni mazito. Kanuni za Ulaya kwa leseni za nje humruhusu rubani binafsi kuthibitishiwa leseni yake kwa shughuli mahususi isiyo ya biashara, kwa siku zisizozidi 28 katika mwaka, baada ya kuruka na mkufunzi angalau mara moja ili azoee. Ukitaka leseni yao moja kwa moja unahitaji saa 100, mitihani ya sheria za anga na ya mwili wa binadamu arukapo, cheti chao cha afya, na mtihani wa kuruka. Mimi na saa zangu 83 hata mlangoni nisingefika. Huyo mwenzangu ameamua kusubiri na kuruka akija likizo Kenya.

Sasa shule. Jina silitaji. Ni shule ya urubani kwenye uwanja mdogo usio na mnara nje ya Columbus, yenye 172 nne na kochi la ngozi lililochanika. Nilipiga simu kutoka Mombasa mwezi wa Mei. Nikawaambia wazi: nina leseni ya Kenya, nitakuwa na cheti cha 61.75, nataka kufanya mapitio ya urubani kisha nikodi ndege siku moja nimpeleke mpwa wangu Dayton. Cheti peke yake hakikuruhusu kuwa rubani mkuu. Lazima kwanza mkufunzi wa Kimarekani akufanyie mapitio hayo, angalau saa moja ya kusoma mezani na saa moja hewani. Kijana wa simu akasema: "Saa mbili tatu hivi, umemaliza." Nikapiga hesabu: dola 168 kwa saa ya ndege pamoja na mafuta, dola 65 kwa saa ya mkufunzi. Nikasema alhamdulillahi, naimudu.

Siku nilipofika, mwanamke wa mapokezi akanipa karatasi ya bima. Aya ya nne: mwenye cheti kilichotokana na leseni ya nje lazima aruke saa tano na mkufunzi wa shule kabla ya kukabidhiwa ndege peke yake. Nikamwonyesha mdogo wangu. Akaisoma mara mbili. Nikauliza mbona sikuambiwa kwenye simu. Jibu: "Bima ndiyo inataka, si sisi." Sikatai, bima ina haki ya kutaka. Lakini karatasi ile ilikuwa na tarehe ya mwaka uliopita, na simu niliipiga Mei. Aya moja kwenye barua pepe ingetosha.

Nikalipa, kwa sababu mpwa alikuwa ameshawaambia shule nzima. Jumla ikawa saa 5.4 za ndege, dola 907. Mkufunzi saa 7.5, hewani na mezani, dola 488. Bima yangu ya kukodi ndege, dola 210. Zaidi ya shilingi 200,000 za Kenya, na bado sijaenda popote ila kuzunguka mashamba ya mahindi.

Hata hivyo haki yake nimpe mkufunzi. Kijana wa miaka 23, ana saa zaidi ya 600 na masikio mekundu kwa jua. Asubuhi ya kwanza tunakagua injini mwanzoni mwa njia ya kurukia, mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kitasa chekundu cha mchanganyiko wa mafuta, nikakivuta nyuma polepole nikisikiliza injini ipate pumzi. Akanishika kifundo cha mkono. "Unafanya nini?"

Unajua, Wilson hewa ni nyembamba. Ukisukuma kitasa mpaka mwisho injini inalewa mafuta, inatetema, nguvu inapungua, na mbele yako kuna ukuta, barabara na mabati ya watu. Kwa hiyo unapunguza mafuta kabla ya kuruka, ndivyo mkono wangu ulivyolelewa. Ohio, futi 900 hivi juu ya bahari, kitasa kinakwenda ndani mpaka kigonge. Nilimweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema hajawahi kuruka kutoka uwanja wowote ulio juu ya futi 1,500. Tukabadilishana ualimu hapo hapo. Nikasukuma kitasa mpaka mwisho, tukaachia breki, na ile ndege, wallahi, ikaniacha nyuma. Nilikuwa bado nasubiri iamue kuruka, nayo imeshainuka. Mshale wa kupanda ulisimama kwenye futi 750 kwa dakika. Wilson saa saba mchana mimi nikiona 350 nashukuru.

Vilivyonishinda ni vidogo vidogo. Kipimo cha mgandamizo wa hewa: sisi tunasoma hektopaskali, 1013 na ndugu zake, wao wanasoma inchi za zebaki, 29.92. Mara mbili nilisikia namba redioni nikabaki nimekodoa dirisha dogo la altimeta kama mtu aliyepewa chenji ya nchi nyingine. Mafuta kwa galoni. Nikaandika kwenye mkono kwamba galoni 10 ni kama lita 38. Kuingia kwenye mzunguko wa uwanja: nimefundishwa kupita juu ya uwanja kwanza, nitazame upepo, kisha niteremkie upande wa pili. Wao wanaingia kwa mshazari, nyuzi 45, moja kwa moja kwenye mkono wa kushuka na upepo. Nilipopita juu kwa mazoea, rubani mwingine akauliza redioni, kwa upole wa watu wa Ohio, kama kuna mtu amepotea.

Na redio yenyewe! Wilson usiposema na mnara hata hatua moja huendi. Unaomba kuwasha, unaomba kutambaa, unaomba kuingia njiani, unaomba kuruka, na kabla ya yote umeshapeleka mpango wa safari. Pale hakuna wa kumwomba. Unabonyeza kitufe unawatangazia wote walioko karibu kwamba wewe ni Cessna fulani, uko mahali fulani, unaelekea fulani, na hakuna anayejibu. Siku ya kwanza nilijiona kama mwenda wazimu anayejisemesha sokoni. Kisha anga ya Columbus kwenyewe, karibu na uwanja mkubwa wa John Glenn, ni ya daraja la C: lazima uwe umeshaitikiwa kwa jina lako redioni ndipo uingie. Mwongozaji wa ndege akikwambia tu "ndege inayoita, subiri", hujaitikiwa, baki nje. Akitaja namba yako kisha akasema subiri, umeshaitikiwa, pita. Hilo peke yake lilistahili saa moja ya mezani, na nusu ya pesa zile siziungulii.

Siku ya tano akanisainia daftari. Nilikuwa nimeshatua mara zaidi ya kumi, kwa hiyo hata ile sharti ya kuruka na kutua mara tatu ndani ya siku 90 kabla ya kupakia abiria ilikuwa imetimia.

Jumamosi tukaenda Dayton, mimi na mpwa wangu wa miaka 12. Baba yake alibaki chini, akisema wakala hatakiwi kufa pamoja na mteja. Ni kama maili 55 za baharini kwenda magharibi, chini yake ni mahindi na soya kwa mistari iliyonyooka kama imechorwa kwa rula, na ghala nyekundu hapa na pale. Hakuna mpango wa safari, hakuna ruhusa. Tuliamka, tukatazama hali ya hewa, tukaenda. Kwa mtu wa Wilson hilo linatia wasiwasi kwanza, halafu linatia ulevi. Mpwa akaniuliza kwa kipaza sauti, "Shangazi, nani anajua tuko hapa?" Nikamwambia anayejua ni mama yako na yule kijana wa masikio mekundu.

Uwanja wa Dayton-Wright Brothers nao hauna mnara. Nikaingia kwa mshazari, nikajitangaza, nikatua vizuri kuliko nilivyotua siku zote tano za mkufunzi, kama kawaida ya mambo. Pale uwanjani kuna banda wanaloweka ndege iliyoundwa kwa mfano wa ile ya Wright ya aina ya B, mbawa mbili za kitambaa, minyororo kama ya baiskeli ikizungusha mapangaboi, na kiti kilicho nje kabisa mbele ya mbawa. Mpwa alikizunguka kiti hicho akauliza mkanda uko wapi. Orville na Wilbur walikuwa watu wa mji huu, mafundi baiskeli. Safari yao ya kwanza, tarehe 17 Desemba 1903 kule North Carolina, ilikwenda futi 120 kwa sekunde 12, na hakukuwa na ofisi popote duniani ya kuwauliza leseni.

Tukanunua soda na karanga, tukajaza galoni 12, tukarudi. Saa 1.7 zote, dola 286. Tuliporudisha ndege, mwanamke wa mapokezi alitaka kunitoza robo saa zaidi kwa kuchelewa, na mimi nilikuwa na picha ya saa ya ndege kwenye simu. Akafuta. Piga picha ya saa kabla na baada, kila safari. Nyota moja kwa mkufunzi, nyota moja kwa hali ya ndege, maana zilikuwa safi na kila taa inawaka. Tatu zilizobaki watakuja kuzichukua siku watakapoweka ile aya ya bima kwenye barua pepe.

Ukitaka kufanya kama mimi, omba mapema, linganisha majina, uliza fizdo kama wanafanya wenyewe, na ukipigia shule simu usiulize "mapitio ni saa ngapi". Uliza "bima yenu inataka saa ngapi kwa mtu kama mimi", na utake jibu kwa maandishi.

Kadi ya plastiki ilifika Columbus nikiwa nimesharudi. Wifi akaituma na mtu anayekuja Mombasa harusini, ndani ya kopo la vitamini ili isipinde. Nyuma ina picha za wale ndugu wawili wa Dayton, mmoja na masharubu, mwingine bila. Mbele jina la babu ndilo la mwisho. Nimeifunga kwa mpira wa bendi pamoja na ile ya Kenya, na kwenye kalenda ya kliniki nimezungushia mwezi wa cheti cha afya, maana kikichacha huku, cheti cha Ohio nacho kitakosa cha kuegemea.